Nimepakua GB 38 za ardhi nisiyoruhusiwa kuikanyaga. Hii ni haki kweli?

#1 Fundi_wa_Chuno | Ijumaa, saa 4:12 usiku

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi simu hapa Mtwara mjini. Kompyuta yangu ni ya mtumba kutoka Kariakoo, nimeiunga kipande kwa kipande kama mtu anayejenga nyumba kwa hela ya kibarua. Kuna gemu moja ya mtandaoni, ya kikosi, tumeicheza watatu kwa miaka minne: mimi, binamu yangu wa Lindi, na jamaa yetu mmoja wa Newala. Jina la gemu silitaji, msinisumbue. Ratiba yetu ni Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa 6 usiku, bando la usiku likishafunguka.

Mwezi wa 6 wakatoa nyongeza ya kulipia. Dola 40, yaani laki moja na chenji. Sikatai, kazi ya mtu ilipwe. Ila sikilizeni kilichotokea.

Siku nyongeza inatoka, gemu iligoma kabisa kufunguka mpaka upakue sasisho. Sijanunua kitu, naambiwa GB 38. Nikaunga bando, likaisha, nikaunga lingine. Mashine imevuta usiku kucha, feni inalia kama mashine ya kukoboa. Nafasi ikajaa, ikabidi nihamishie picha za harusi ya dada yangu kwenye flashi. Asubuhi nafungua ramani, naona eneo jipya: milima, barafu, ngome iko juu kabisa inafuka moshi. Nabonyeza. Kikatokea kikufuli cha njano, chini yake imeandikwa nunua uendelee.

Yaani ile milima imo ndani ya diski yangu. Nimeibeba mwenyewe kwa hela yangu ya bando. Kuikanyaga sasa, marufuku.

Na haikuishia hapo. Ile misheni ya kila wiki tuliyokuwa tunaifanya watatu, inayotoa silaha nzuri, nayo wameihamishia huko kwenye barafu. Binamu yangu kanunua nyongeza. Jumamosi iliyopita nimekaa saa 6 na nusu usiku naangalia jina lake kwenye orodha ya marafiki, kijani kabisa, "yupo eneo jipya". Wa Newala hakuingia. Nikazungukazunguka mwenyewe eneo la zamani dakika 20, nikazima.

Nauliza wanaojua. Hii ni biashara ya kawaida na mimi ndiye nalialia, au kuna mahali haki imepinda?

#2 Mzee_wa_Kiporo | saa 4:15 usiku

Taja gemu.

#3 Pweza_Mkavu | saa 4:16 usiku

Kasema hataji. Watu hamsomi.

#4 Mzee_wa_Kiporo | saa 4:16 usiku

Uzi wa gemu usio na jina la gemu ni mchuzi usio na nazi. Lakini nimeweka mkeka, naendelea.

#5 Boda_Msomi | saa 4:31 usiku

Pole mkuu, ila mimi sioni kesi. Nenda Nangwanda Sijaona siku ya mechi. Mwenye hela anakaa jukwaa kuu kwenye kivuli, mimi na wewe tuko mzunguko jua linatuchoma. Umeshawahi kusikia mtu wa mzunguko anafungua mashtaka? Laki huna, subiri uipate. Gemu si unga.

#6 Fundi_wa_Chuno | saa 4:40 usiku

Boda_Msomi, mfano wako unanitetea mimi. Wa mzunguko na wa jukwaa kuu wanaangalia mechi ileile, bao likiingia wote tunaruka. Joho linalong'aa, bunduki ya rangi ya dhahabu, hivyo ndivyo viti vya jukwaa kuu. Wauze hata kwa milioni, simo. Mimi nilipo, mechi yenyewe imehamishiwa uwanja mwingine katikati ya msimu, na sisi wa mzunguko tumebaki tunaangalia nyasi.

#7 Dogo_wa_Programu | saa 5:02 usiku

Shikamooni wakubwa. Mimi wa Nachingwea, nasoma Dar, naandika programu. Si za gemu, lakini mambo yanafanana, kwa hiyo niseme kidogo kuhusu hizo GB 38 maana ukizitazama kwa nje zinaonekana kama dharau tupu.

Kwenye gemu ya mtandaoni aliyenunua na asiyenunua wanakutana uwanja mmoja. Binamu yako akija na koti jipya la huko barafuni, kompyuta yako isipokuwa na umbo la hilo koti itakuonyesha kichwa kinaelea hewani. Kwa hiyo wote mnashushiwa mafaili yaleyale, na kinachowatofautisha ni alama moja kwenye sava yao, yaani kompyuta kuu ya kampuni: huyu kalipa, huyu bado. Halafu kutunza toleo moja la gemu ni nafuu kuliko kutunza matoleo matano. Huko kwao mtu analipia intaneti kwa mwezi na hahesabu GB, kwa hiyo hakuna anayeliona kama ni gharama. Waliopanga utaratibu huu hawajawahi kuunga bando saa 8 usiku.

Ila zamani ilikuwa mbaya zaidi. Gemu za vita ziliuza ramani, yaani viwanja vipya vya kupigania. Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009 ilikuwa na furushi la ramani tano kwa dola 15. Battlefield 3 ikaja na uanachama wa Premium mwaka 2012. Matokeo yake wachezaji wakagawanyika vyumba. Asiye na ramani mpya haingii, na mwenye nazo naye anakaa anasubiri chumba kijae, hakijai. Kampuni zenyewe zikaona zinajikata miguu. Titanfall 2 ya 2016 ikatoa ramani zake bure, Star Wars Battlefront II ya 2017 ikaachana na pasi ya msimu (ile ya kulipia nyongeza zote kwa mkupuo), Battlefield V ya 2018 vivyo hivyo, na Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ikafuata. Si kwamba waliingiwa na huruma. Chumba kitupu hakiuziki.

#8 Boda_Msomi | saa 5:09 usiku

Hiyo Battlefront II si ndiyo ile ya masanduku ya bahati nasibu? Dogo usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa.

#9 Dogo_wa_Programu | saa 5:13 usiku

Ndiyo hiyohiyo, kaka. Pasi ikatoka, masanduku yakaingia. Kelele za Novemba 2017 zilikuwa kubwa mpaka wakasimamisha ununuzi wa hela halisi siku moja kabla gemu haijatoka rasmi. Aprili 2018 Ubelgiji ikatamka kwamba masanduku ya aina hiyo ni kamari kwa mujibu wa sheria yake. Ukiziba mlango, hela inatafuta dirisha. Hilo nalikubali.

#10 Mama_Watatu_Likombe | saa 5:27 usiku

Mimi si mchezaji, mume wangu ndiye kanionyesha huu uzi, na nimejiunga ili nijibu hili tu.

Ninyi mnalia na dola 40 iliyoandikwa wazi? Mwanangu wa kidato cha pili anacheza gemu ya mpira ya simu, ya "bure". Bure hiyo imenila elfu 86 ndani ya wiki mbili kupitia simu ya baba yake. Elfu mbili, elfu tatu, elfu mbili. Ujumbe wa makato unaingia, baba mtu anadhani ni vifurushi vya intaneti. Kumbe mtoto anafungua masanduku anamtafuta mchezaji mmoja mwenye kadi nyeusi. Nilimkalisha chini nikamuuliza, huyo mchezaji anauzwa shilingi ngapi tumnunue tumalize? Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Hana bei mama, ni bahati." Mpaka leo hajampata.

Bora hicho kikufuli chenu cha njano, angalau mtu anakiona.

#11 Pweza_Mkavu | saa 5:30 usiku

Elfu 86 🙆 mama huyo dogo yuko hai?

#12 Mama_Watatu_Likombe | saa 5:33 usiku

Yuko hai. Ameosha vyombo tangu Mei.

#13 Banda_la_Magomeni | saa 5:58 usiku

Nimefunga banda sasa hivi ndiyo napata nafasi. Nina PS4 nne hapa Magomeni (Mtwara, si ile ya Dar), jero nusu saa. Nawasikiliza mnavyobishana kuhusu nani ana laki na nani hana, mimi niwaambie habari ya kuwa nayo ukashindwa kuitoa.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zenye huduma ya PSN, yaani mtandao na duka la PlayStation la Sony. Ukitaka kununua chochote unafungua akaunti unadanganya unaishi nchi nyingine, halafu unatafuta kadi ya hela ya nchi hiyo kwa watu wa kuuza namba. Mwaka jana nilinunua namba ya dola 50 kwa mtu wa mtandaoni, nikakwangua, nikaingiza, ikaniambia imeshatumika. Jamaa akanijibu "jaribu tena boss", kisha akanizuia. Sasa hapo kuna haki gani ya kujadili? Mlango una bei, una kufuli, na ufunguo hauuzwi nchini kwako.

Mnakumbuka Helldivers 2? Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wanaoicheza kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PSN. Watu walikuwa wameshainunua, wanaicheza. Gemu ikaondolewa dukani kwenye nchi zaidi ya 100 ambazo huduma hiyo haipo. Wachezaji wakawasha moto, siku chache sharti likafutwa, ingawa dukani haikurudi kote mara moja. Hiyo haikuwa hata nyongeza. Walijaribu kuweka geti mbele ya nyumba uliyokwisha hamia.

Ndiyo maana mimi naamini diski. Jumapili ile ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kuvizia nchi nzima, banda langu lilijaa mpaka nje. Vijana wanaojifanya hawachezi bila mtandao walipanga foleni kucheza gemu ya mpira ya zamani ambayo tumeandika majina ya wachezaji wa Simba na Yanga kwa mkono, mmoja mmoja, kwa padi. Kipa wa Yanga ana nywele za kizungu lakini hakuna anayejali.

#14 Mzee_wa_Kiporo | saa 6:04 usiku

Kipa wa Yanga ana nywele za kizungu 😂😂 naomba picha

#15 Baharia_Mstaafu | Jumamosi, saa 12:20 asubuhi

Salaam vijana. Nimeamka na uzi huu pamoja na uji.

Mwaka 2006 nilikuwa Uingereza kimasomo, na aibu yangu naikiri hapa: niliicheza World of Warcraft kuliko nilivyosoma. Kule unalipa kila mwezi, karibu dola 15, na nyongeza unalipia tena juu yake. Januari 2007 ikatoka The Burning Crusade, ukomo wa levo ukapanda kutoka 60 hadi 70. Chuno, nataka uone tofauti. Sisi hatukufungiwa mlango wowote wa zamani. Kila pango, kila mji ulikuwa pale. Lakini watu walivuka ng'ambo. Ndani ya wiki chache, pango lililohitaji watu 40 ukitangaza unapata watatu, na mmoja kati yao anauliza tu saa. Mavazi waliyohangaikia usiku wa manane kwa miezi, mtu aliyenunua nyongeza anapata mazuri kuliko hayo kwenye misheni za mwanzomwanzo.

Sisi wa kusini hili tunalijua kwa macho. Mikindani hakuna aliyeifunga. Ilikuwa bandari, mji wa biashara na utawala. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza wakaanza kujenga bandari ya kina kirefu hapa Mtwara kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga wa Nachingwea. Nyumba za mawe za Mikindani zikabaki palepale, na milango yake ya nakshi. Watu ndio waliohama. Kwenye gemu ya mtandaoni watu ndio gemu yenyewe, kwa hiyo anayeuza nyongeza anauza pia kuhama kwa wenzako. Hilo ndilo bei isiyoandikwa.

Ila wameshajifunza kidogo. Tangu Julai 2018, ukilipa ada ya mwezi ya World of Warcraft unapewa nyongeza zote za nyuma, unanunua ile mpya tu. Final Fantasy XIV wamekwenda mbele zaidi: jaribio lao la bure lisilo na ukomo wa siku liliongezwa nyongeza ya kwanza hadi levo 60 mwaka 2020, na Oktoba 2023 likaongezwa ya pili hadi levo 70. Huo ni ustaarabu. Mgeni anakula kilicholala, mwenye nyumba anauza kilichoiva leo.

#16 Boda_Msomi | saa 1:05 asubuhi

Shikamoo mzee. Hapo kwa Mikindani umenibana. Lakini bado: aliyejenga bandari mpya alitakiwa asijenge?

#17 Baharia_Mstaafu | saa 1:40 asubuhi

Marahaba. Ajenge. Ila asije kunidai mimi wa Mikindani gharama ya saruji.

#18 Fundi_wa_Chuno | saa 1:44 asubuhi

GB 38 za saruji 😭

#19 Mkulima_Kitangari | saa 4:10 asubuhi

Nimetumiwa huu uzi na mtu, nikajisoma. Mimi ndiye "jamaa wa Newala".

Kwanza Chuno, sikuingia Jumamosi ile kwa sababu nililala. Nimetoka kupuliza dawa mikorosho siku nzima na mashine mgongoni, macho yanawasha. Wewe umeandika kama nimesusa.

Pili, niseme kuhusu hiyo laki. Watu wa mjini mnadhani mtu ama ana hela ama hana. Mimi Novemba nina hela. Minada inaanza Oktoba, chama cha msingi kinatulipa, ukinikuta wakati huo nakununulia na soda. Mwezi wa 6 hela yote iko shambani, imo kwenye palizi na dawa. Nyongeza zao zinatoka wanapotaka wao, na misheni ya kila wiki haimsubiri mtu avune. Novemba nikiinunua, wenzangu wamemaliza na wameanza kusubiri nyingine. Bora ningeweza kulipa kidogokidogo, au iwe kama alivyosema mzee, ile ya mwaka jana wanigee na ya mwaka huu nitawafuata mbele ya safari.

Tatu ndilo linaloniuma, na binamu yenu analijua. Misimu mitatu iliyopita nilinunua nyongeza ya hii hii gemu. Niliilipa kwa hela ya korosho, nikaicheza nusu, nikasema nusu nitamalizia. Mwaka huu naitafuta, haipo. Nikadhani nimeifuta mwenyewe. Nikawaandikia, nikajibiwa na mashine kwamba wanathamini uvumilivu wangu. Imeondolewa. Korosho yangu ikilala ghalani nina stakabadhi mkononi, kilo hizi, daraja hili, mtu hawezi kuniambia hazijawahi kuwepo. Hapa stakabadhi ya malipo ninayo kwenye barua pepe. Ghala ndilo limeondoka.

#20 Dogo_wa_Programu | saa 4:38 asubuhi

Kaka Kitangari, umetumia neno ghala na sijui kama unajua umegonga penyewe. Sisemi ndiyo gemu yenu, lakini mfano unaojulikana sana ni Destiny 2. Novemba 2020 waliondoa kampeni ya mwanzo ya Red War na nyongeza mbili za mwanzo, pamoja na sayari nzima kama Mars na Mercury. Februari 2022 ikafuata kampeni ya Forsaken. Sababu waliyotoa ni kwamba gemu imekuwa kubwa mno na ngumu kuitunza. Na jina walilokipa kitendo hicho kwa lugha yao linatokana na "vault", chumba imara cha kuhifadhia vitu, yaani ghala kwa namna yake.

Mimi kama mwandishi wa programu hiyo sababu ya ukubwa naielewa kabisa, mafaili ya zamani yanavunjika ukigusa mapya. Kama mnunuzi siielewi.

#21 Banda_la_Magomeni | saa 4:45 asubuhi

Hakuna mtu amekuja bandani kwangu kunyang'anya diski kwa sababu imekuwa nzito.

#22 Mwana_Mtanda | saa 7:30 mchana

Feni inayolia kama mashine ya kukoboa naijua hata nikiwa usingizini. Mimi ndiye binamu. Mtoto wa mjomba, umekuja kunishtaki mbele ya Watanzania wote badala ya kunipigia simu?

Sasa na mimi niseme. Nina mshahara, nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya simu, dakika mbili nikamaliza. Usiku ule nikaingia barafuni peke yangu. Misheni inataka watu watatu, mfumo ukanipa wawili wasionijua. Kuchelewa kwa mtandao kutoka Lindi hadi sava yao ya Ulaya ni milisekunde 200 na zaidi, kwa hiyo kila mlango wanaoufungua wao mimi bado naona umefungwa. Wakanitoa kikosini bila neno. Nikatafuta wengine. Wale walikaa, lakini waliongea lugha yao mwanzo mwisho na mmoja akawa anacheka kila ninapodondoka. Nimemaliza misheni, nimepata bunduki, nikakaa juu ya ile ngome ya moshi naangalia bonde. Ni pazuri, sitadanganya. Nikafungua orodha ya marafiki, Chuno yuko kijani "eneo la zamani". Na yeye, kumbe, alikuwa anaangalia jina langu. Dakika 20 tumetazamana hivyo na hakuna aliyeandika hata "mambo".

Kwa hiyo msinihesabu mimi upande wa waliofaidi. Nililipa laki na elfu nne kununua upweke wenye picha nzuri.

Halafu jambo moja dogo. Fundi wa Chuno, wanajukwaa wanakuonea huruma huna hela. Waambie lile joho la dhahabu ulilovaa tangu mwaka jana ulilipata wapi.

#23 Mzee_wa_Kiporo | saa 7:31 mchana

WEEE

#24 Boda_Msomi | saa 7:36 mchana

Mtu wa mzunguko kumbe ana joho la dhahabu 😂😂 mkuu jitokeze

#25 Fundi_wa_Chuno | saa 8:15 mchana

Nilikuwa na mteja.

Ndiyo, joho nilinunua. Elfu 26, kwenye ofa ya sikukuu. Na nikaunga na kofia yake. Nakubali kwamba ukijumlisha joho, kofia na bando zile mbili, naikaribia ile laki. Lakini joho langu halikumfungia mtu yeyote mlango, ndicho nilichosema tangu juu. Mkulima alicheza na mimi bila joho, tena alinizidi kuua.

Binamu, samahani kwa kukusema hadharani. Niliona kijani nikajua uko na watu wako wapya, nikaona nisikusumbue. Sikujua wanakucheka.

#26 Mwana_Mtanda | saa 8:22 mchana

Watu wangu wapya. Watu wangu wako Chuno na Kitangari, mmoja analala na mwingine anajificha ndani ya joho.

#27 Dogo_wa_Programu | saa 8:40 mchana

Samahani nawaingilia mambo ya ukoo. Kuna gemu za kushirikiana zinazolitatua hili kirahisi sana: mmoja akimiliki, wenzake wanaingia kwa mgongo wake. Payday 2 ukifungua wewe mwenye nyongeza, wasionayo wanacheza ramani hiyo pamoja nawe. It Takes Two ya 2021 ni ya watu wawili, ananunua mmoja tu, mwenzake anaalikwa bure. Kwa hiyo kiufundi inawezekana, alama ile ya "kalipa" inaangaliwa kwa mwenye chumba badala ya kila kichwa. Kampuni ikikuambia haiwezekani, ina maana haitaki.

#28 Boda_Msomi | saa 8:52 mchana

Na isipotaka ni haki yake. Bado nasimama hapo. Duka ni lake. Ila hili la kumbebesha mtu GB za kitu asichouziwa, na la kuondoa kilichokwisha lipiwa, hayo mawili nawaachia ushindi. La tatu la misheni kuhamishwa, nusu kwa nusu.

#29 Mama_Watatu_Likombe | saa 9:10 mchana

Na la kwangu la masanduku?

#30 Boda_Msomi | saa 9:11 mchana

La kwako mama halina mjadala.

#31 Mwana_Mtanda | saa 2:47 usiku

Wakulima na mafundi, angalieni akaunti zenu za Steam, lile duka la gemu za kompyuta. Nimewatumia zawadi, kila mtu moja, na yangu ya tatu. Deep Rock Galactic. Ilikuwa kwenye ofa, kila moja haifiki bei ya kuku wawili wa kienyeji. Ya Wadenmark, ilitoka rasmi 2020, inachezwa na watu hadi wanne. Wachimba madini wafupi wana midevu. Vinavyouzwa kando ni mavazi na rangi tu. Machimbo, silaha, misimu, vyote ni vya kila mtu, na tangu 2024 misimu iliyopita unaweza kuirudia usipokuwa na haraka. Nimesoma mara mbili kabla ya kulipa, safari hii sikukurupuka.

#32 Mkulima_Kitangari | saa 2:55 usiku

Ahsante dada. GB ngapi?

#33 Mwana_Mtanda | saa 2:56 usiku

Tatu na kitu.

#34 Mkulima_Kitangari | saa 2:56 usiku

Tatu? Rudia.

#35 Mwana_Mtanda | saa 2:57 usiku

Tatu. Tatu na kitu.

#36 Mkulima_Kitangari | saa 2:59 usiku

Mbona hizo sisubiri hata bando la usiku. Leo silali.

#37 Fundi_wa_Chuno | saa 3:20 usiku

Binamu umenifunga mdomo. Nimeanza kupakua, iko asilimia 40. Ukiangalia picha zake ni machimbo ya Ruangwa matupu, ila hawa wana taa nzuri. Saa 6 kama kawaida?

#38 Mwana_Mtanda | saa 3:21 usiku

Saa 6. Na joho uliache huko huko.

#39 Fundi_wa_Chuno | saa 3:34 usiku

Asilimia 61 umeme umekata. Naandikia simu.

#40 Mzee_wa_Kiporo | saa 3:41 usiku

Kwa hiyo jina la ile gemu nyingine ndiyo hatutajiwi?

#41 Fundi_wa_Chuno | saa 3:58 usiku

Umeme umerudi. 62.